Ujirani ugenini: Marekani, Ujerumani, Sweden, Japani na Uturuki kwenye mizani

Anayechagua nchi ya kuhamia hupima mshahara, kodi ya nyumba, viza na baridi. Suala la jirani hulikumbuka wiki ya tatu, mlango umejifunga nyuma yake saa 5 usiku, ufunguo uko ndani, na hajui agonge kwa nani.

Nchi tano za hapa zimechaguliwa kwa sababu kila moja ina njia yake ya kumwingiza mgeni katika ujirani. Marekani ni mazungumzo. Ujerumani ni kanuni. Sweden ni kazi ya pamoja. Japani ni zawadi ndogo na zamu. Uturuki ni sahani inayokwenda na kurudi. Anayengoja salamu pale ambapo watu hukutana kwenye ufagio ndiye baadaye husema wenyeji wana roho mbaya, na mara nyingi wenyeji nao wanamngoja yeye kwenye ufagio.

Mwanasaikolojia Kurt Lewin, aliyehama Ujerumani kwenda Marekani mwaka 1933, aliligusa jambo hili katika makala yake ya 1936. Alisema Mmarekani hufungua tabaka nyingi za nje kwa yeyote na kulinda kiini tu, ilhali Mjerumani huweka ukuta karibu na ngozi, ila ukishauvuka hukuti kizuizi kingine kikubwa. Kwa lugha ya matunda, mmoja ni embe na mwingine ni nazi. Kwenye embe meno huzama upesi mpaka yagonge kokwa. Nazi inakuchosha kwenye kifuu. Mfano huu unatosha kwa nchi mbili hizo, lakini unavunjika ukifika Japani, ambako ujirani hauhusiani sana na kufunguka au kutofunguka.

Jedwali hili linahusu nyumba ya ghorofa katika mji wa kawaida. Vijijini na kwenye majengo ya wanafunzi mambo hubadilika.

| | Marekani | Ujerumani | Sweden | Japani | Uturuki |
|---|---|---|---|---|---|
| Nani huanza kujitambulisha | Yeyote, mara nyingi mwenyeji | Mgeni | Mgeni, kwa ufupi | Mgeni, na zawadi mkononi | Mwenyeji |
| Kutembelea bila taarifa | Tuma ujumbe kwanza | Hapana | Hapana kabisa | Hapana | Aghalabu ndiyo |
| Jirani akikerwa | Humpigia msimamizi au polisi | Hukuambia usoni | Hubandika kikaratasi | Huiambia kampuni ya usimamizi | Hukuambia, au humwambia jirani mwingine |
| Kualikwa ndani | Wiki chache, au miezi mingi | Miezi, pengine mwaka | Mwaka au zaidi | Huenda isitokee | Siku chache |
| Kinachoharibu jina lako haraka | Kutozungumza | Kelele Jumapili | Chumba cha kufulia | Taka | Kurudisha sahani tupu |

Marekani

Hakuna nchi katika orodha hii inayoanza vizuri kama Marekani, na hakuna inayomchanganya mgeni zaidi. Siku ya kwanza watu watano watakuwa wamekutabasamia na mmoja amekusaidia kubeba kochi. Miezi sita baadaye ni wale wale watano, kwa tabasamu lile lile, na hujaingia nyumbani kwa yeyote.

Salamu ya "How are you?" inafanana na "Habari?" yetu. Jibu ni nzuri, hata kama umetoka hospitali. Tofauti ni kwamba kwao inaishia hapo, hakuna za nyumbani wala za watoto. Jibu fupi, rudisha swali, endelea na safari. Anayesimama na kueleza shida zake kwenye lifti humtia mwenzake wasiwasi.

Mwaliko nao una sarufi yake. "Siku moja lazima uje tule pamoja" ni maneno mazuri tu mpaka yapate tarehe. Njia ya kuyapima ni kujibu kwa siku na saa: "Jumamosi hii saa 10 jioni unaonaje?" Akitaja siku nyingine, mwaliko ulikuwa wa kweli. Akijibu mara mbili bila kutaja siku, liache, na usimchukulie vibaya, kwani hakuahidi chochote.

Nyakati rahisi za kuingia zinajulikana. Tarehe 31 Oktoba, usiku wa Halloween, taa ya barazani ikiwaka maana yake watoto wabishe hodi wapewe peremende, ikizimwa maana yake wapite. Washa taa, kaa mlangoni na bakuli, na utaona wazazi wa mtaa mzima kwa saa mbili. Jumanne ya kwanza ya Agosti maeneo mengi huadhimisha National Night Out, iliyoanza 1984, ambapo majirani na polisi wa eneo hutoka nje kufahamiana (baadhi ya majimbo yenye joto kali huifanya Oktoba). Kwenye baridi, koleo la theluji hufanya kazi kuliko maneno: safisha njia yako, kisha endelea mita tano mbele hadi kwa jirani mzee.

Mambo mawili huwaponza wageni. La kwanza ni kisanduku cha barua. Kwa sheria ya shirikisho kisanduku hicho ni cha barua zilizolipiwa stempu, kwa hiyo usitumbukize humo kadi ya kujitambulisha wala mwaliko. Ipitishe chini ya mlango. La pili ni chama cha wenye nyumba, HOA. Ukipanga au kununua katika mtaa wenye chama hicho, urefu wa nyasi, rangi ya uzio, saa za pipa kukaa barabarani na mahali pa kuegesha gari vyote vina kanuni na faini. Barua ya onyo ikija, usianze kutafuta ni nani aliyekuchongea. Mara nyingi ni mkaguzi aliyepita na gari.

Msaada wa dharura upo na ni mkubwa. Familia ikifiwa au ikipata mtoto, majirani hupanga orodha ya nani analeta chakula siku gani, na wasiokujua sana huandika majina pia. Kinachokosekana ni muda mrefu. Wengi huhama wakifuata kazi, na jirani uliyemzoea huondoka na mizizi yote uliyoiotesha.

Ujerumani

Hapa kazi ya kujitambulisha ni yako. Wiki ya kwanza, jioni ya siku ya kazi kati ya saa 11 na saa 1, piga kengele za ghorofa yako na ile ya chini yako. Taja jina la ukoo na ghorofa unayokaa, sema mmehamia lini, ondoka. Dakika mbili zinatosha. Usipofanya hivyo, hakuna atakayekuja, na wengine watahesabu kwamba wewe ndiye hukusalimu.

Kabla ya hapo weka jina lako kwenye kengele na kwenye kisanduku cha barua. Majengo mengi hayana namba za vyumba, barua hufuata jina la ukoo. Bila jina, hata barua za ofisi ya usajili wa wakazi, ambako unatakiwa kujiandikisha ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia, zinaweza kurudishwa.

Kanuni za nyumba, Hausordnung, zimebandikwa kwenye ngazi au zimeambatishwa kwenye mkataba. Zisome neno kwa neno, kwa kuwa ndizo ujirani wenyewe. Utulivu wa usiku kwa kawaida ni saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi. Majengo mengi huongeza saa 7 hadi saa 9 mchana. Jumapili na sikukuu ni utulivu kutwa nzima: hakuna drili, hakuna mashine ya kukata nyasi, hakuna kutupa chupa kwenye makontena ya vioo, maana mlio wake unafika mtaa wa pili. Hii haitokani na uzee wa jirani. Ulinzi wa Jumapili umo katika Katiba, kifungu cha 140, kilichorithi maneno ya katiba ya Ujerumani ya 1919, iitwayo ya Weimar.

Kusini-magharibi, hasa maeneo ya Stuttgart, kuna Kehrwoche. Kibao huning'inizwa mlangoni pako, na wiki hiyo ngazi na njia ya mbele ni zako kufagia. Ukimaliza, kibao unakihamishia mlango unaofuata. Usifagie kimya kimya saa 5 usiku ili yaishe. Fagia Jumamosi mchana, uonekane. Ufagio unaoonekana huleta salamu.

Jirani akipiga kengele na kusema bila kutabasamu kwamba muziki wako uko juu, wageni wengi husikia chuki. Ukweli ni kwamba amekuchagua wewe badala ya mwenye nyumba au polisi, na huko hiyo ni heshima. Jibu: pole, napunguza. Siku ya pili msalimie kama kawaida, naye atakusalimia, kwa kuwa kwake jambo limekwisha. Ukitaka kufanya sherehe, bandika karatasi kwenye ngazi siku tano kabla: tarehe, saa ya kuanza, namba ya simu, na sentensi ya kuwakaribisha. Hawatakuja, lakini watavumilia zaidi.

Njia bora ya kuzoeana bila lugha nyingi ni vifurushi. Mpeleka vifurushi asipomkuta mwenyewe humwachia jirani na kutia kikaratasi kwenye kisanduku. Pokea vya wenzako. Vyako vifuate siku hiyo hiyo kabla ya saa 2 usiku, kwa shukrani. Baada ya vifurushi kumi hivi jirani ataanza kukuuliza habari za kazi, na siku atakayokuachia ufunguo umwagilie maua akiwa likizo, kifuu kimevunjika.

Kuhusu kuitana, ngoja. Anza na Sie, "wewe" ya heshima, na jina la ukoo. Ruhusa ya kuitana du, "wewe" ya watu waliozoeana, hutolewa na aliye mkubwa kwa umri. Na usimtakie mtu heri ya siku ya kuzaliwa kabla ya siku yenyewe, wengi huona ni mkosi.

Ukikaa mwaka mzima bila rafiki, usilaumu jengo. Urafiki wa Kijerumani hupatikana zaidi katika Verein, vyama vya michezo, kwaya, bustani au zimamoto wa kujitolea. Vilivyosajiliwa vinapita 600,000. Uanachama wa kwenda kila wiki, saa ile ile, hufanya kwa miezi mitatu kile ambacho ngazi za jengo hufanya kwa miaka mitatu.

Sweden, na Norway kidogo

Kwenye jengo la Sweden mtu aweza kusimama nyuma ya mlango wake akisikiliza hatua zako mpaka uteremke ndipo atoke. Hakukimbii wewe. Anamwepusha kila mmoja na mazungumzo ya kulazimishana. Salamu ya "Hej" na kutikisa kichwa ni kipimo kamili, ukiongeza swali la hali ya hewa umezidisha kidogo lakini utasamehewa.

Majina ni rahisi kuliko Ujerumani. Tangu mageuzi ya mwishoni mwa miaka ya 1960, ambayo hutajwa pamoja na Bror Rexed, mkuu wa idara ya afya aliyewatangazia wafanyakazi wake mwaka 1967 kwamba atawaita wote du, karibu kila mtu huitwa kwa jina la kwanza. Kumwita jirani mzee kwa cheo humfanya ajisikie ametengwa.

Mtihani wa ujirani ni chumba cha kufulia cha pamoja, tvättstuga. Unaandikisha zamu ya saa tatu au nne kwenye ubao, kwa kufunga kufuli lako dogo kwenye saa unayoitaka, au kwenye skrini. Majengo mengi yana kanuni kwamba ukichelewa nusu saa, zamu inachukuliwa na mwingine. Ukimaliza: toa nyuzinyuzi kwenye chujio la mashine ya kukaushia, futa kidroo cha sabuni, fagia sakafu, acha mlango wa mashine wazi. Kinachogombanisha zaidi ni dakika. Nguo zako zikiwa bado zinazunguka dakika kumi baada ya zamu kwisha, utakuta kikaratasi chenye alama tatu za mshangao na bila jina. Usibandike jibu. Mtu wa pili akijibu, ubao unageuka uwanja wa vita na kila mmoja hushuku mgeni. Fanya usafi mara mbili zaidi wiki inayofuata, yataisha.

Fursa halisi ni siku ya usafi wa pamoja, städdag, ambayo vyama vya nyumba huifanya mara mbili kwa mwaka, Aprili au Mei na tena Septemba au Oktoba. Watu hukusanya majani, hupaka rangi benchi, kisha huchoma soseji na kunywa kahawa. Fika saa iliyoandikwa, chukua reki, fanya kazi kando ya mtu mmoja. Watu ambao miezi sita hawakusema neno watakuonyesha shina la waridi linavyokatwa. Norway wana jambo hilo hilo kwa jina la dugnad, neno lililochaguliwa kuwa neno la taifa mwaka 2004, na huko kutohudhuria bila taarifa huonekana zaidi. Baadhi ya vyama hutoza ada kwa asiyefika. Ukiwa kazini siku hiyo, sema mapema na upeleke keki.

Mwezi wa kuhamia una uzito kuliko watu wanavyodhani. Anayefika Novemba anakuta watu wameingia ndani hadi Machi, na huanza kuamini hana majirani. Anayefika mwishoni mwa Aprili anakuta milango na vibaraza wazi, pamoja na reki. Julai usijaribu chochote, mji umeenda likizo.

Mei 2022 mtandaoni kulizuka mjadala mkubwa kuhusu familia za Kiswidi zisizompa chakula mtoto wa jirani anayecheza kwao, ambaye hubaki chumbani wenyeji wakila. Haifanyiki kila nyumba. Hoja ya wanaofanya hivyo ni kwamba mtoto ana chakula kwao, na kumlisha ni kuvuruga mpango wa wazazi wake na kuwaachia deni. Huna haja ya kukubaliana nayo. Kwa matumizi, mtumie mzazi ujumbe saa 10 jioni: "Watoto wanacheza, je, ale kwetu?" Jibu mara nyingi ni ndiyo, na hilo swali lenyewe hukupa heshima.

Japani

Japani ina utaratibu ulio wazi kuliko nchi zote hizi, na ndiyo faida yake: huhitaji kubahatisha. Ndani ya wiki moja ya kuhamia, mchana, usiku haujaingia, unawapelekea majirani zawadi ndogo ya kati ya yeni 500 na 1,000. Taulo, sabuni ya kufulia au biskuti zilizofungwa. Isizidi hapo, maana zawadi kubwa humlazimisha mwenzako kurudisha, na umeanza uhusiano kwa kumtwisha mzigo. Hufungwa kwa karatasi ya noshi yenye neno la salamu juu na jina lako la ukoo chini. Duka la zawadi litakufanyia.

Kwa nyumba ya chini, desturi ni nyumba tatu za mbele na mbili za ubavuni. Kwa ghorofa, ni vyumba viwili vya pembeni, cha juu na cha chini. Wengi husahau cha chini, na ndiko hatua zako zinakosikika. Kosa hilo huja kujulikana kwa gharama. Usipomkuta mtu mara mbili au tatu, acha zawadi na kadi. Wanawake wanaoishi peke yao katika miji mikubwa mara nyingi huacha salamu hizi kwa usalama, na hakuna anayewalaumu.

Halafu taka. Kila aina ina siku yake, na hutolewa asubuhi ya siku hiyo, mara nyingi kabla ya saa 2, usiku wa kuamkia hapana. Manispaa nyingi hutaka mfuko wake maalumu au unaoonyesha ndani. Mfuko wenye kosa hubaki pale pale ukiwa na stika, na kila mtu anajua ni wa nani. Ukitoa taka, funika kwa wavu, kunguru wa huko hawana mzaha. Usafi wa kituo cha taka huenda kwa zamu, na zamu hiyo ndiyo sehemu ya ujirani.

Chama cha mtaa, chōnaikai au jichikai, hukusanya ada ndogo ya mwezi, husimamia taka, taa na mazoezi ya maafa, na huzungusha kairanban, ubao wenye matangazo. Soma, tia muhuri au sahihi, upeleke mlango unaofuata siku hiyo au kesho yake. Ukiukalia wiki nzima, mtaa mzima hupitwa na tangazo. Kisheria hulazimiki kuwa mwanachama. Mahakama ya Juu kabisa ya nchi ilikwisha kuamua mwaka 2005 kwamba mkazi anaweza kujitoa. Lakini kituo cha taka mara nyingi ni cha chama, na anayejitoa hujikuta akibishania mahali pa kuweka mfuko. Ushauri wetu ni kuingia na kulipa.

Sababu ya yote hayo iko ardhini. Katika tetemeko la Kobe, 17 Januari 1995, wengi waliofukiwa walitolewa na jamaa na majirani kabla vikosi havijafika. Mazoezi hufanyika zaidi karibu na 1 Septemba, siku ya tetemeko kubwa la 1923. Hudhuria. Jirani ambaye hajawahi kukusemesha ataandika jina lako na idadi ya mnaolala humo, ili siku ya maafa ajue wa kumtafuta. Huo ndio urafiki wenyewe kwa kipimo cha mtaa wa Japani, na anayengoja kualikwa ndani anaweza kungoja miaka kumi.

Malalamiko hayakufikii moja kwa moja. Kampuni ya usimamizi hubandika tangazo kwa wakazi wote: kumekuwa na kelele usiku, tafadhali tuangaliane. Likitokea wiki mbili baada ya kuhamia kwako, chukulia ni wewe. Weka zulia nene, vua viatu, usifue usiku. Kwenda kuuliza nani aliyelalamika ni kosa kubwa kuliko kelele.

Uturuki

Waturuki husema usinunue nyumba, nunua jirani. Ukihamia, jirani huja kukupongeza, na katika majengo ya zamani sahani hufika kabla hujafungua maboksi. Sheria za sahani ni mbili. Kwanza, hairudi tupu: weka matunda, keki, chochote, baada ya siku chache. Pili, usirudishe kikubwa kuliko ulichopewa, isionekane unalipa deni. Mwezi wa Muharram jirani hupika ashure, uji mtamu wa nafaka na matunda makavu, kwenye sufuria kubwa na kugawa bakuli jengo zima. Usikatae, hata kama hupendi.

Kwenye ziara vua viatu kabla ya kuingia, utapewa ndara za nyumbani. Usiende mkono mtupu mara ya kwanza. Chai haitaisha mpaka ulaze kijiko juu ya glasi. Sentensi moja inafungua ngazi zote: "Kolay gelsin", yaani kazi iwe nyepesi, huambiwa yeyote anayefanya kazi, kuanzia anayefagia hadi anayebeba mizigo. Hakuna neno la bei rahisi linalolipa vizuri kiasi hicho.

Gharama yake ni faragha. Utaulizwa umri, mshahara, kodi unayolipa, kwa nini huna mtoto, na kama unaye, kwa nini ni mmoja. Kwao kuuliza ni kujali, na kunyamaza ndiko kunakoumiza. Andaa majibu mawili matatu ya upole yasiyotaja namba. Majibu yako yatafika ghorofa ya tano kabla yako. Anayehitaji kulala mchana baada ya zamu ya usiku atateseka, isipokuwa amweleze mapema msimamizi na jirani wa karibu, ambao watamlinda kwa ukali kuliko kufuli.

Upande wa kanuni: Sheria ya Umiliki wa Ghorofa, namba 634 ya 1965, inataka jengo lenye vyumba vinane au zaidi kuwa na msimamizi. Yeye hukusanya aidat, mchango wa mwezi wa usafi, lifti na mlinzi. Uliza kiasi chake kabla ya kusaini, maana mara nyingi hakimo ndani ya kodi, na anayechelewesha husemwa. Katika majengo mapya yenye ua na geti ya Istanbul na Ankara, joto hili limepungua sana.

Ubaridi au ubaguzi?

Si kila ukimya ni utamaduni. Tazama jinsi jirani anavyowatendea wengine. Asiyemsalimia yeyote ni mtu wa ukimya. Anayewasalimia wote akakuruka wewe, au anayelalamikia kelele siku ambazo hukuwepo, ni jambo jingine. Andika tarehe, saa, maneno na shahidi kuanzia mara ya kwanza, maana ukianza kuandika mara ya kumi huna ushahidi wa tisa. Marekani ina Sheria ya Makazi ya Haki ya 1968, na malalamiko kwa wizara ya makazi, HUD, hupelekwa ndani ya mwaka mmoja. Ujerumani ina sheria ya usawa ya 2006, AGG, ambayo muda wake wa kudai ni mfupi, miezi miwili. Sweden kuna msimamizi wa serikali wa mambo ya ubaguzi, DO. Japani haina sheria moja kamili inayokataza ubaguzi katika upangishaji, na mpangaji mgeni akikataliwa na mwenye nyumba mmoja mara nyingi hulazimika tu kwenda kwa mwingine. Liweke hili kwenye mizani yako mapema.

Wapi pakufae

Mkataba wa chini ya mwaka mmoja: Marekani au Uturuki. Ujerumani na Sweden hazijapata moto kufikia hapo, utaondoka ukidhani ni barafu tupu.

Mwenye watoto wadogo na asiye na ndugu karibu: Uturuki kwanza, kisha mtaa wa nyumba za familia Marekani. Japani haiko nyuma sana, kwani mtaa huwajua watoto kwa sura, na maeneo mengi watoto huenda shule kwa makundi.

Asiye na lugha: Sweden, ambako Kiingereza kinatosha kwa kila kitu isipokuwa mzaha wa siku ya usafi. Japani bila Kijapani inawezekana kuliko inavyoogopwa, kwa sababu wajibu wenyewe unaonekana kwa macho, mfuko, wavu, ubao. Ujerumani bila Kijerumani ndiyo ngumu, kwa sababu kanuni zote ni maandishi.

Anayetaka kuachwa peke yake afanye kazi zake: Sweden, bila kusita. Anayezeeka au kuugua peke yake afikirie Uturuki, au Japani, ambako mitaa ina wajumbe wa ustawi wa kujitolea, minsei-iin, wanaotembelea wazee.

Hata hivyo tofauti kati ya jengo na jengo inaweza kuzidi tofauti kati ya nchi na nchi. Kabla ya kusaini, lipitie jengo mara mbili: siku ya kazi saa 12 jioni, na Jumapili asubuhi. Soma majina ya kengele: yaliyochongwa ni ya wakaao sana, ya karatasi iliyobandikwa kwa gundi ni ya wapitao. Soma mbao za matangazo: tangazo la usafi wa pamoja ni dalili njema, vikaratasi vitatu visivyo na majina ni vita. Msalimie mtu mmoja kwenye ngazi umuulize siku ya taka ni ipi. Akijibu siku tu, umepata jengo la kawaida. Akikuonyesha pipa lilipo, uliza kama kodi inaweza kupunguzwa, kisha saini.